Picha ya Daraja Bado Iko Kwako

Bugnay, Antique,
14 Novemba.

Mpendwa mwanangu Jomarie,

Hujambo mwanangu? Huko Taiwani baridi imeanza? Ile sweta unaivaa? Sisi wazima. Baba yako mzima, ila goti linamsumbua akitoka shambani. Bibi yako Pacing hajambo, anauliza kama kiwandani wanawapa wali wa kutosha. Dada yako Imelyn mzima, amekonda tu. Hata nguruwe wa sikukuu hajambo, anakula kutushinda sote.

Siku ile ya kimbunga nilitumiwa picha ya daraja letu limekatika. Sikungoja. Nikaitupia kwenye grupu la kijiji, nikaandika, "Tuombeane." Kumbe Rowena, mke wa fundi cherehani, alikuwa na uchungu, yuko kwenye bajaji anawahishwa hospitali. Dereva akaiona picha, akageuza. Mtoto akazaliwa kando ya barabara, mvua inanyesha. Wote wawili wazima, Mungu mkubwa. Lakini daraja lilikuwa zima, mwanangu.

Unajua gazeti la Imelyn sasa wanalichapa mara moja kwa wiki, kazi nyingine yote iko kwenye simu. Aliniketisha mezani, akaikuza ile picha. "Nay, mama yangu, hebu soma kibao cha hiyo jipi ya abiria." Nikasoma polepole: mji wa kisiwa kingine kabisa! Tena akaitafuta, akaikuta iliwekwa miaka sita nyuma. Nilishangaa! Nikaanza kuuliza, na kivuli je, na nguo za watu je? Akacheka: "Nay, unataka kuninyang'anya kazi?"

Lakini alipotoa habari kwamba picha ni ya uongo, watu wakamshukia. "Mwandishi, anza na mama yako!" Mhariri naye akamwambia, usipomtaja aliyeileta hapa, nani atakuamini? Dada yako akashindwa kuandika jina langu. Nilimkuta jikoni analia.

Basi nikavua aproni, nikamwambia beba simu, twende darajani. Nikasema laivu kwa mdomo wangu: ni mimi Erlinda, mke wa Ruben, nilikosea. Rowena akaandika papo hapo: "Haya Nay Erlinda, wewe ndiye mama wa ubatizo wa mtoto wangu, na uje na yule nguruwe!"

Sasa Imelyn anasema picha bado inazunguka. Nikauliza, inatoka wapi tena? Akanionyesha ukurasa wako. Umeandika, "Mama akisema, ni kweli." Watu mia mbili wameichukua kwako. Alipokuomba uiondoe ukamjibu kwamba amenilazimisha na kuniaibisha. Hapana, mwanangu. Ndiyo maana naandika kwa mkono, nampa Bi Luz anayesafiri kuja huko akuletee. Mwandiko huu mbaya unaujua, hakuna mwingine mwenye nao.

Msalimie binamu yako Arnel, na wenzako wa chumbani. Mungu akulinde kwenye hizo mashine.

Iondoe, useme mama yako alikosea. Kisha nijibu haraka, hata neno moja, niache kuchungulia ukurasa wako kila saa.

Wako akupendaye daima,
Mama yako Erlinda