Jogoo wa Edimu

S.L.P. 41,
Busia, Kenya.
6 Juni 1977.

Mpendwa mdogo wangu Fauziya,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Kendu Bay? Shemeji yangu Okumu hajambo? Na ile homa imekuacha? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ingawa nyumba ya ng'ambo ya mpaka tumeiacha na chungu kiko mekoni.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ati mama mkwe amekukabidhi jembe siku ya tatu tu ya ndoa, nawe unataka kufunga virago urudi. Urudi wapi, mwanamke wewe? Tulia nikusimulie yangu.

Mwezi wa nne wanajeshi walilitaka lori la shemeji yako Swaliki. Siku hizi upande ule mtu akitakiwa lori, hutakiwa na roho yake pia. Tuliliacha Tororo, tukakimbia kwa miguu na watoto wetu wawili hadi Mella, kwa Edimu, yule mkulima wa Kiteso ambaye Swaliki humbebea pamba. Tulifika adhuhuri, miguu imevimba.

Walitukaribisha, wakatupa maji. Hatujamaliza kunywa, Edimu akatoka, akakamata jogoo, akamfunga miguu na kumweka mbele ya Swaliki, kimya. Weee! Unajua kwetu jogoo hai hupewa mgeni anapoaga. Nikajua tumefukuzwa, tena kwa heshima zote. Shemeji yako, bingwa wa desturi za masoko yote, naye akainamisha kichwa. Nikambeba mtoto mgongoni, jogoo kwapani, nikashukuru, nikashika njia. Nilijua barabarani kuna kizuizi cha wanajeshi, lakini kiburi chetu unakijua.

Elinah, mkewe Edimu, alinikimbilia akanizibia njia, machozi yanamtoka, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokota:

"Mama Fatumah, nakwenda wapi? Moto nimewasha! Nyumba yetu nanuka?"

Kumbe naye alidhani tumemdharau! Wanajua Waislamu hatuli nyama iliyochinjwa na mikono yao, ndiyo maana walimpa Swaliki jogoo achinje mwenyewe, tule wote chungu kimoja. Nilicheka huku nalia. Aibu niliyoona siku ile, mdogo wangu, sitaisahau.

Jioni tukasikia kwamba pale kizuizini wamechukuliwa watu wanne, na hakuna anayejua walikopelekwa. Kwa kununa kwangu tungekuwa wanane.

Tulikaa kwao siku kumi na moja, na hata vyombo Elinah hakuniruhusu kuosha. Siku Edimu alipotuvusha Mto Malaba kuingia Kenya, Elinah alikuja na jogoo mwingine, miguu imefungwa. Safari hii nikauliza, huyu ni wa nini? Akacheka sana. "Huyu sasa wa kwaheri, dada."

Basi mimi siku hizi mtu akinikwaza, nauliza kwanza. Kununa kupo tu, hakuozi.

Swaliki anakusalimu, anatafuta kazi ya udereva na ataipata, namjua. Fatumah anauliza utakuja lini. Nisalimie Okumu, na mama mkwe wako umsalimie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Kisha mshike mkono, umuulize lile jembe amekupa kwa nia gani. Usije ukakimbia shamba ulilogawiwa bila kujua.

Mwenyezi Mungu akulinde na akupe masikio mapana.

Dada yako akupendaye daima,
Hajarah