Mwalimu Aliyemngoja Nyambura

Mpendwa Wairimu,

Huku Othaya tuko salama, ila guka, babu yako, bado anakohoa. Ng'ombe amezaa. Umeniuliza ufanye nini na wanafunzi wako huko Doldol, maana ukiwauliza swali wananyamaza.

Nikuambie juu ya Nyambura, ambaye tulikaa naye dawati moja miaka ile ya kwanza ya uhuru. Alikuwa na kigugumizi. Mwalimu Kariuki akimuuliza swali, aliweka chaki chini akangoja. Tukicheka, alisema kwa upole, "Nyamazeni, mwenzenu anaongea." Nyambura alimaliza jibu lake, na mara nyingi alipata.

Kisha Mwalimu Kariuki akahamishwa. Aliyekuja alikuwa na haraka. Nyambura alipoanza kujibu, alimwambia, "Keti, tunachelewa," akamuuliza mwingine. Nyambura akaacha kuinua mkono, na muhula ulipoisha akaacha shule.

Juzi tulimzika. Binti yake aliniambia, "Mama alizaliwa mtu wa kunyamaza."

Nilimwambia hapana. Nilimweleza siku ile, enzi za Mwalimu Kariuki, mama yake aliposimama akatufundisha jinsi moyo unavyosukuma damu, polepole, neno kwa neno, na darasa zima likamsikiliza mpaka mwisho. Binti yake alilia, akaniomba nimsimulie tena.

Ni mimi cucu, bibi yako,
Wanjiku