Fundo Lililokazwa Kavu

Jumatatu, 3 Machi

Nimelitupa daftari hili wiki tano. Naliomba radhi. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira.

Asubuhi nimevua mishipi ya zamani kutoka rili zangu tatu, zile za kukunjia mshipi. Nimezipangusa, nimezitia mafuta. Rili ya nne, niliyozoea kuisafisha pamoja na zangu, haipo. Ni ya Fundi Wanyonyi, seremala mstaafu, mwenzangu wa mashua kwa miaka kumi na tisa.

Wiki tano zilizopita, kwenye bwawa la shamba lililo mbele ya Kitisuru, alinasa samaki aina ya besi, mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwaona hapo. Mshipi ukakatika. Nikamwambia mbele ya wenzetu watano, "Fundi, mikono yako imekwisha." Mikono yake hutetemeka tangu alipopata kiharusi. Alifunga vifaa vyake, akaondoka. Hapokei simu yangu.

Jumamosi ya tarehe 15 kikundi chetu cha uvuvi kitaamua kama ataruhusiwa tena kupanda mashua. Mwenyekiti atataka neno langu. Ninalo tayari: asiruhusiwe.

Jumatano, 5 Machi

Mjini, kununua mishipi. Duka liko orofa ya pili, Mtaa wa Biashara. Nilijua ninachotaka. Mshipi wa kusukwa kwa chambo cha chura wa mpira, kwa kuwa hukata magugu na haunyumbuki. Mshipi wa florokaboni kwa mnyoo wa mpira, kwa kuwa huzama na samaki hauoni kwa urahisi. Nailoni kwa chambo bandia kinachoelea, kwa kuwa haukivuti chini, na hunyumbuka samaki anaporuka.

Msichana wa duka, akiniita babu kwa Kikuyu, akasema, "Guka, hii florokaboni si kama nailoni. Fundo unalowesha na mate kwanza. Ukikaza kavu inaungua, utalia."

Nilimjibu kwamba nilikuwa nikifunga mafundo kabla mama yake hajazaliwa.

"Sawa basi, guka. Lakini mate ni ya bure."

Nilikuwa nimefika Ngong Road nilipokumbuka. Siku ile ya bwawani mimi ndiye niliyemfungia Fundi fundo. Humfungia kila mara, kwa sababu ya mikono yake. Yeye alitaka nailoni, maana chambo chake kilikuwa cha kuelea. Nikamkatalia. Nikamtilia florokaboni mpya, mara yangu ya kwanza kuitumia. Fundo nililikaza kavu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimening'iniza ndoo ya maji kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Mafundo matano makavu: manne yalikatika. Matano yaliyoloweshwa: yote yalishika. Nikarudia, nikitumaini nimekosea. Sikukosea.

Jirani aliniuliza kwa nini ninapima ndoo. Nilimwaga maji, nikaingia ndani.

Miaka thelathini na minne nimesahihisha watoto wa watu kwa wino mwekundu. Naona aibu.

Jumamosi, 8 Machi

Sikwenda kwake. Woga tu.

Mwenyekiti alipiga simu. Fundi anampa mkwewe zana zote za kuvulia. Zitapelekwa Bungoma Jumatano. "Hiyo imeisha, Mwalimu. Hata kupiga kura hatuhitaji."

Nilisema, "Naam." Ningeweza kusema neno jingine.

Jumanne, 11 Machi

Mtaa wa Satellite, nyumbani kwa Fundi, saa nne asubuhi. Mkewe, Mama Nekesa, alinifungulia mlango wa jikoni. Fimbo za kuvulia zilikuwa zimefungwa kwa gunia, zimeegemezwa ukutani. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

Fundi aliingia chumbani, akarudi na kiboksi cha kibiriti. Ndani yake mlikuwa na ncha ya mshipi ule, imejikunja, imegeuka nyeupe.

"Mwalimu, kwani ulidhani sijui? Kitu imeungua mimi naijua."

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza.

"Nilingoja uone mwenyewe. Umeona. Lakini leo umeniambia jikoni. Ile ingine ulisema mbele ya watu."

Mama Nekesa akanisogezea kikombe. "Kunywa chai, Mwalimu. Hiyo uso umekuja nayo ni ya mazishi."

Sikuimaliza.

Usiku huu nimejaribu kupanga maneno ya kusema Jumamosi. Yote yananitetea. Nimeyafuta.

Jumamosi, 15 Machi

Manyunyu tangu alfajiri. Bwawa shwari.

Zana hazikwenda Bungoma. Fundi alikuja nazo, akaketi pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilisimama kabla mwenyekiti hajaniuliza. Nilisema kwamba fundo lilikuwa langu, mshipi nilichagua mimi, na mikono ya Fundi haikuwa na kosa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwenyekiti akasema basi hakuna la kuamua, Fundi apande akitaka.

Nilimpa Fundi nailoni niliyoinunua mjini. Akaivuta, akaitazama, akaanza kujifungia mwenyewe. Mara mbili uzi ulimtoka vidoleni. Nikaikalia mikono yangu nisimsaidie. Alilowesha fundo mdomoni, akalivuta polepole. Dakika saba kwa saa yangu. Likashika.

Alivulia ukingoni, peke yake, mpaka saa sita. Hakupata kitu. Mimi nilikuwa kwenye mashua, na kiti cha mbele kitupu.

Wakati wa kuondoka nilimwuliza kama Jumamosi ijayo atapanda nami. Alisema atafikiri. Sikumsukuma. Akishaamua nitaandika hapa, hata ikiwa ni la.