Nani Anayelifundisha Darasa Langu?

Kurui, Ijumaa. Upepo mkavu tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye chai. Mikorosho imechanua na harufu yake inaniumiza kichwa.

Shajara, kuna mtu ananizunguka.

Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Tangu nihamishwe kutoka Bukoba kuja kufundisha huku Kisarawe, walimu wenzangu hawaishi kunitania kwamba Mwalimu Koku hata akisalimiwa anauliza kwa nini. Sawa, nina shaka nyingi, nimezaliwa nazo. Lakini safari hii ninazo sababu.

Nafundisha Kiingereza darasa la saba, na tangu muhula uanze tumekwama mahali pamoja: yale maneno ya Kiingereza yasiyopenda kutembea peke yake. “Look” ni kutazama, mtoto analijua tangu darasa la tatu. Liwekee “after” nyuma yake, limekuwa kutunza. Liwekee “for”, limekuwa kutafuta. Liwekee “into”, limekuwa kuchunguza, na hapo nusu ya darasa inatazama nje ya dirisha. Siwalaumu. Mimi mwenyewe niliyameza chuoni kama vidonge vya malaria, bila kuuliza. Na kumbe ndiyo wenye lugha yao wanayotumia kutwa, jikoni na barabarani, kuliko yale maneno marefu tunayojivunia sisi walimu.

Wiki iliyopita niliwafundisha, wakatoka kapa. Wiki hii wameyajua.

Wote.

Hata Ramadhani, ambaye kwa kawaida nikimtazama tu anaanza kukohoa, alisimama akasema anatunza mbuzi wa bibi yake, “I look after”, huku mkono wake mmoja umekwenda mgongoni kama anayeshikilia mtoto aliyebebwa. Nikamwita Zuhura, nikampa “look for”. Akajibu bila kusita, mikono yake ikipasua majani hewani. “Get up”, mabega yanapanda. “Give up”, yaani kukata tamaa, viganja vinafunguka na kuangusha kitu kisichokuwepo. Darasa zima, ishara zile zile. Mimi sikuwafundisha ishara hata moja.

Mwalimu mwingine angefurahi. Mimi nilipoteza hamu ya chakula.

Mtu wa kwanza kumshuku alikuwa Mwalimu Pazi. Anafundisha hesabu, ni mwenyeji wa huku huku, na kila Jumamosi hupotea kwenda Tumbi kwa jamaa zake wenye vitabu. Nilijua analitaka darasa langu la saba. Nikajiambia, huyu anawapa watoto masomo ya pembeni ili mkaguzi akija aonekane yeye. Nikamfuata ofisini nikamuuliza waziwazi. Alicheka mpaka akaweka chaki chini.

“Dada Koku, mimi Kiingereza changu nakitumia kuombea ruhusa tu. Kule Tumbi nina mchumba.”

Sikumwamini. Nikamwambia aje aone mwenyewe.

Tukaenda shamba la shule, ambako darasa la saba walikuwa wanapalilia mihogo. Wasichana walikuwa mbele, wanaimba, na majembe yanafuata wimbo. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Jembe likipanda, “pick up”. Likishuka, “put down”. Wavulana wanaitikia nyuma. Nilimgeukia Pazi nikidhani atacheka tena. Hakucheka. Alitazama mikono ya wale wasichana kwa muda, kisha akasema polepole, “Wimbo wa namna hii si wa shule. Huu ni wa ndani. Mimi mwanamume, siendelei.” Akaondoka zake.

Wa ndani? Ndani ya wapi?

Hapo ndipo nilipoweka mtego. Jumatano, kipindi cha mwisho, niliwapa neno jipya, “put off”, kuahirisha. Nikawapa na sentensi yangu kavu ya mkutano wa kijiji kuahirishwa. Hakuna kitabu shuleni chenye neno hilo, na Pazi alikuwa hayupo. Jana asubuhi neno likanirudia likiwa na ishara yake tayari, kiganja kinasukuma kitu mbali na kifua. Ila sentensi haikuwa ya mkutano tena. Darasa zima lilisema kwa Kiingereza kwamba wameahirisha harusi.

Nikauliza nani kawapa sentensi hiyo. Nikamuuliza Zuhura peke yake, akainamisha kichwa. Watoto hawa huniambia hata nani kaiba embe la nani. Jana walinifungia midomo kama watu walioapa.

Leo baada ya masomo nikawafuata. Ndiyo, mwalimu mzima, natembea nyuma ya vichaka vya mikorosho. Zuhura na wenzake wawili hawakushika njia ya kwao. Walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Kondo, wakazunguka nyuma, wakaingia.

Nikasimama pale pale. Mzee Kondo ndiye baba yake Tatu.

Tatu alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote. Tangu mvua zilipokatika hajaonekana shuleni, na baba yake alikuja mwenyewe kutuarifu kwamba amehamia kwa bibi yake Mlandizi. Mwalimu Mkuu alikubali haraka mno. Mimi sikukubali, na jina la Tatu nimelikatalia kufutwa kwenye orodha ya mtihani. Unahamaje shule bila kuaga hata rafiki zako?

Sasa nilielewa. Hajaenda Mlandizi wala popote. Amevunja ungo, amewekwa ndani kama mila ya hapa inavyotaka, anafundwa na kungwi kwa nyimbo na ishara. Wenzake waliokwisha kuchezwa unyago wanaruhusiwa kuingia kumtembelea. Wanampelekea somo langu la mchana, naye analifanya wimbo kwa namna ile ile anavyofundwa yeye, kisha wanalirudisha darasani. Na ya ndani hayasemwi nje, ndiyo maana Zuhura aliinamisha kichwa.

Nilikwenda mlangoni. Kungwi mwenyewe, Bi Siwema, alikuwa amekaa kwenye mkeka, mbele yake makopa ya muhogo yameanikwa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila karibu ya hapo hapo nje.”

Nikamwambia nimekuja kumwona Tatu. Akasema Tatu yuko Mlandizi. Nikamwambia nimewaona wasichana wakiingia. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

“Wewe umechezwa?”

“Kwetu hatuchezwi, bibi.”

“Basi bado mtoto. Watoto hawaingii humu.”

Nilikasirika, sikufichi. Nina cheti cha ualimu, na naambiwa mtoto mbele ya kuku. Nikamwambia kwamba mtihani ni mwezi ujao. Akajibu bila hasira kwamba baba mtu amekwisha kukubali posa, ngoma ni baada ya korosho kuvunwa, na mwali hatoki kabla ya ngoma yake. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo linanitesa sasa hivi.

“Ukitupeleka serikalini, mwalimu, wakija hawatamkuta. Na hapo ndiyo atakuwa Mlandizi kweli.”

Namwamini. Ni neno pekee nililoliamini wiki nzima. Nikimwambia Mwalimu Mkuu, habari itamfikia Mzee Kondo kabla sijarudi darasani. Nikinyamaza, mtihani unapita na Tatu anakuwa mke wa mtu.

Mara kuku wakavamia makopa. Bi Siwema akainuka na fimbo kuwafukuza hadi nyuma ya nyumba. Nikabaki peke yangu kando ya ukuta wa udongo. Sauti ikatoka ndani, ya chini sana, karibu na bega langu.

“Shikamoo, mwalimu.”

Nikaitikia kwa kunong'ona. Nikamuuliza kama ni mzima, kama anakula. Akasema mzima. Nikamuuliza kama anataka mtihani. Akauliza la somo, kwa haraka, kama mtu aliyelitunza siku nyingi akingoja wa kumuuliza.

“Mwalimu, redioni nimesikia ‘look forward to’. Hujatufundisha. Maana yake nini?”

Nikamwambia ni kungoja jambo lijalo kwa hamu, kwa furaha. Nikamwambia atunge sentensi, kama tulivyozoea darasani. Tatu huyu, ambaye nikimwomba sentensi moja alikuwa ananipa tatu.

Niliwasikia kuku, na Bi Siwema akiwatukana.

“Hilo sina sentensi yake, mwalimu,” akasema.

Kungwi akarudi. Nikaaga. Njia nzima nililia, na aliyenipita nilimwambia ni vumbi.

Simwamini Mzee Kondo. Simwamini Mwalimu Mkuu aliyekubali upesi vile. Bi Siwema namwogopa. Lakini miaka yote ya kufundisha, leo ndiyo mara ya kwanza mwanafunzi wangu amekosa sentensi na kosa si lake.

Kesho alfajiri namfuata Mzee Kondo shambani kwake, bila barua, bila Mwalimu Mkuu. Sitamtisha. Nitamwomba anipe Tatu kwa siku ya mtihani tu, afunikwe kanga gubigubi, Bi Siwema akae mlangoni na fimbo yake. Akikataa, nitarudi kesho kutwa.