Penseli Mbele ya Kioo

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Temeke tuko salama. Babu yako bado anabishana na redio, na redio inashinda.

Umeuliza utapataje simu isiyokuumiza macho. Kwanza, asikwambie mtu kwamba unadeka. Miaka ya tisini nilikuwa nachapa barua kwenye kompyuta ya mtumba pale Mwenge, na kila adhuhuri kichwa kiliniuma. Bosi akasema, "Bibie, kanunue miwani."

Nikamjibu, "Kaa wewe kiti hiki mpaka adhuhuri."

Akakaa. Aliinuka anafikicha macho, akamwita fundi.

Fundi alitupeleka duka la kompyuta, akawa anapunga penseli mbele ya kila kioo kilichowashwa. Kwenye vingine zilionekana penseli nyingi zilizoachana, kwa sababu kioo kinawaka na kuzimika bila wewe kutambua, na huko ndiko kunakoumiza kichwa. Muuzaji akauliza, "Fundi, unaniroga?" Tukachukua kile ambacho mbele yake penseli zilikaribiana zaidi, nami nikachapa mpaka jioni bila kuumwa.

Nawe ukiwa dukani punguza mwanga wa simu, maana nyingine huanza kuwaka na kuzimika mwanga ukipungua, kisha upunge penseli mbele yake. Ukiona ukungu mmoja laini badala ya penseli nyingi, inunue. Muuzaji akicheka, mwache acheke. Hayo macho si yake.

Ni mimi bibi yako, mbishi yule yule.