Udongo wa Bi Somoe

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Kitaya. Kisomo cha akina mama saa tisa, kama kawaida. Jioni nimemaliza kijitabu changu cha ufinyanzi. Ofisi ya elimu Mtwara inakitaka mwisho wa mwezi, kichapwe, kisomwe madarasa yote ya wilaya. Najiona mtu kweli.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemsomea Bi Somoe, mfinyanzi wetu, ambaye darasani bado anahangaika na herufi. Nilimwangalia kazini siku nzima, ndipo nikaandika. Amesikiliza hadi mwisho. "Vizuri, mwalimu. Sasa finyanga hicho ulichoandika." Basi. Nimeudhika.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefinyanga, ukurasa kwa ukurasa. Udongo nimeupitisha kwenye chekeche langu la unga. Chenga zote nje. Chungu kimesimama, kizuri. Kipo kivulini kinakauka.

Ijumaa, 15 Agosti
Kimepasuka motoni. Vyungu saba vya Bi Somoe vimetoka vizima, vyekundu, ukivigonga vinalia.
Aibu. Siku ile nilipomwangalia kazini nilidhani anatoa chenga. Kumbe alikuwa anatoa mizizi. Chenga anaongeza: vigae vya vyungu vikuukuu, vimetwangwa. Ndizo zinazoufanya udongo ustahimili moto. Kijitabu changu kingepasua vyungu vya wilaya nzima!

Jumatatu, 18 Agosti
Tangu asubuhi udongoni. Mgongo hauna hali. Bi Somoe hazungushi chungu, anakizunguka yeye, kinyumenyume, na ukingo unatoka sawasawa. Nimemwuliza maji kiasi gani. Amecheka, akaminya donge, akaniwekea mkononi. "Hivi." Sikuhisi kitu. Donge la tano, nikahisi. Nilichohisi siwezi kukiandika. Na yeye hawezi kukisema. Mwanamke huyu ananishangaza, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsahihisha herufi.

Jumapili, 24 Agosti
Sikwenda kusali. Nimefuta, nimeandika, nimefuta. Kurasa kumi na mbili zimebaki tano. Ofisini watasema nimeshindwa. Naogopa.

Alhamisi, 28 Agosti
Kijitabu kimeondoka na lori la asubuhi. Jana nilimpa Bi Somoe akisome mwenyewe. Kidole chini ya herufi, silabi kwa silabi. Penye maji nimeandika: "Kiasi sikijui. Minya udongo, uulize mkono." Alipofika "sikijui" alisimama, akarudia, akacheka. Kisha akaendelea hadi mwisho, peke yake.
Chungu changu cha pili kimetoka motoni kizima, shingo imepinda. Nimeteleka mihogo humo.