Kivinjari kipya na nywila ya Verediana

Alhamisi, jioni. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na hayajanyesha. Joto ni la kunata, hata karatasi za fotokopi zilikuwa zinashikana. Nimeacha maharage jikoni bila kuyaunga kwa sababu nikiwa na hali hii nitaunguza kitunguu. Bora niandike kwanza.

Leo nimemdanganya mtu kwa saa mbili, uso kwa uso.

Nianzie jana. Wanaosoma shajara hii mtandaoni wanajua nina steshenari hapa Ilemela: fotokopi, kuchapa barua, kuombea watu vyuo na kazi mtandaoni. Kompyuta ni moja. Kivinjari changu cha zamani kilikuwa kimenichosha. Kila nikifungua ukurasa, matangazo ya kubeti na ya dawa za kupunguza tumbo yanaruka mbele ya mteja. Wiki iliyopita mzee mmoja wa kanisa alikuja kuchapisha ratiba ya kwaya, ikatokea picha ambayo siielezi hapa. Mzee aligeuka akasoma bei za bahasha ukutani mpaka nilipomaliza. Jana nikasema imetosha, nahama.

Nikapakua kivinjari kipya. Chepesi, kisafi, hakina makorokoro. Nikaanza kukipamba kwa viendelezi, vile vijiprogramu vidogo unavyovipachika ili kivinjari kifanye kazi ambazo chenyewe hakiwezi. Cha kwanza cha kuzuia matangazo. Kingine cha kugeuza ukurasa mzima kuwa PDF kwa kubonyeza mara moja. Cha kutafsiri nacho nikaweka, halafu cha kuzuia tovuti zisinifuatilie, halafu kimoja cha kubadilisha rangi ambacho hata sijui nilikitakia nini. Nilikuwa na raha ya mtu aliyehamia nyumba mpya, anayejaribu kochi kila kona.

Kiliniuliza kama nihamishe vitu vyangu kutoka kivinjari cha zamani. Nikabonyeza "Baadaye". Kisha nikakiondoa kile cha zamani, na kilipouliza kama kifute kumbukumbu zake zote, nikaweka tiki kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka uchafu wote utoke.

Nywila za wateja wangu zilikuwa humo.

Ambaye si wa huku pengine atashangaa. Mteja anakuja kuomba kazi, barua pepe hana. Anakaa kwenye stuli, anakwambia fanya wewe dada, mimi haya mambo siyajui. Namfungulia, natunga nywila, kivinjari kinaikumbuka. Akitaka kujua kama amejibiwa, anarudi kwangu. Steshenari nyingi zinafanya hivyo, kwa hiyo nilijiona niko sawa. Lakini kwenye shajara yangu siwezi kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sikuwahi kumwandikia hata mteja mmoja nywila yake kwenye karatasi. Akiwa nayo si ataenda kwa mwingine? Huo ndio ukweli, na nimeuficha miaka yote nyuma ya neno "nitakutunzia".

Leo saa saba na nusu mchana akaingia Verediana, muuguzi kutoka Nansio, kule kisiwani. Ana miaka mitatu anajitolea kwenye zahanati huko, anafanya kila kitu ambacho walioajiriwa wanafanya, ila ajira ndiyo hana. Mwezi uliopita nilimwombea kazi kwenye hospitali moja hapa mjini. Akaniamkia, akakaa, akasema mwenzake waliyeomba naye amepata barua ya usaili, na barua inataka mtu athibitishe kabla ya saa kumi alasiri ya leo. Asipothibitisha, nafasi inapewa mwingine. Alipanda kivuko cha asubuhi kuja kunifuata mimi, maana barua pepe yake iko kwangu.

Nikafungua kile kivinjari changu kizuri. Pale ambapo nywila hujijaza yenyewe, palikuwa peupe.

Nikajaribu niliyodhani niliitunga, ikakataa. Nikajaribu nyingine. Nikaomba kurejesha akaunti, wakasema wametuma namba ya siri kwenye simu yake, laini ileile aliyonipa mwezi uliopita. Nikamuuliza kama simu anayo. Akasema ile ilimdondokea majini pale gatini Nansio, sasa anatumia laini nyingine.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Sijui kwa nini uongo ule ulitoka kirahisi hivyo. Verediana akaitikia tu, akakunja mikono juu ya mkoba wake. Akaja mtu wa fotokopi, nikamhudumia polepole makusudi. Nikarudi kwenye kiti, nikajaribu nywila nyingine, na nyingine, mpaka akaunti ikanifungia nisubiri. Kila aliponitazama nilisema mtandao. Akaniuliza kwa upole kama kuna steshenari nyingine yenye mtandao mzuri, nikamwambia leo ni mji mzima. Mji mzima, mimi huyu. Nilikuwa nasikia jasho linashuka mgongoni na bado nikaongeza kwamba labda ni haya mawingu.

Saa tisa na nusu nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa anasali. Nikashindwa kuendelea.

"Verediana, mtandao uko sawa. Paswedi yako nimeifuta jana kwa uzembe wangu, na sina njia ya kuipata."

Hakupiga kelele. Alifungua mkoba, akatoa daftari dogo analoandikia vipimo vya wagonjwa, akafunua ukurasa wa mwisho. Nywila ilikuwa pale, kwa mwandiko safi wa muuguzi, hadi alama ya mshangao niliyoiweka mwishoni.

"Niliiandika siku ile ulipokuwa unaichapa, nikifuata vidole vyako, dada. Nikaona hunipi, nikajua ndivyo mnavyofanya kazi, nikanyamaza."

Nikamuuliza kwa nini hakuitoa tangu alipofika.

"Si ulisema ni mtandao?"

Sikuwa na muda hata wa kuona aibu vizuri. Ile adhabu ya kusubiri ilikuwa imeisha, nywila ikakubali, barua ilikuwepo. Tukabonyeza kiungo. Ukurasa ukafunguka na jina lake, tarehe ya usaili, na maelezo kwamba abonyeze kitufe kilichopo hapa chini. Hapa chini hapakuwa na kitufe.

Viendelezi vyangu. Nikazima cha matangazo, nikapakia ukurasa upya, hakuna. Nikazima cha rangi, hakuna. Ukurasa ulikuwa unafunguka kwa kujivuta na saa ya kompyuta ilikuwa imepita tisa na dakika arobaini na tano. Nikazima cha kuzuia kufuatiliwa. Kitufe kikatokea, cha kijani. Nikampisha, akabonyeza mwenyewe. Wakajibu kwamba wamepokea. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane.

Nilitaka kumkumbatia. Yeye alikuwa bado anatazama kioo. Akasema anaomba kubadilisha paswedi. Nikavuta kibodi kama nilivyozoea, lakini mkono wake ulikuwa umeshaishika.

"Nionyeshe tu pa kubonyeza. Nitachapa mwenyewe. Samahani, dada, naomba ugeuke."

Nikageuka nikatazama nje. Nilimsikia akichapa kwa kidole kimoja, akifuta, akianza tena. Alikuwa ameniomba kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikakaa hivyo, mgongo kwake, ndani ya duka langu, mpaka aliposema tayari.

Alinishukuru akaondoka. Kivuko cha kurudi kilikuwa kimeshamwacha, amekwenda kulala kwa shangazi yake.

Nimepitia daftari langu la wateja. Waliobaki ni hamsini na mmoja, na wengi hawana daftari la vipimo. Kesho naanza kuwapigia mmoja mmoja, waje turejeshe akaunti zao, kila mtu achape yake na aondoke nayo. Watauliza imekuwaje, nami nitawaambia jinsi ilivyokuwa. Wakishakuwa na nywila zao mkononi, hawatakuwa na sababu ya kurudi kwangu ila wakipenda.

Mimi ningekuwa mmoja wao, ningerudi?

Ngoja nikaunge maharage.